Mtoto wa Dawati Hili Hili

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri tu, ila kwa sasa jina hilo liko kwenye matengenezo, na tumeombwa tusilitumie mpaka kamati imalize chai. Wananchi hatuna haraka. Tumezoea. Katika nchi hiyo kuna Wilaya ya Tungoje, na katika Wilaya ya Tungoje kuna mimi, Mratibu wa Makofi wa Idara ya Elimu. Mgeni akimaliza kusema, mimi ndiye ninayeinua mkono na shule nzima ikapiga. Nikiushusha, inanyamaza. Yako makofi ya kawaida, yako makofi ya kilo, na yako yale ya kupigwa watu wakiwa wamesimama, ambayo ni ya mawaziri peke yao. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba ninayoyasimulia niliyaona nikiwa mbele kabisa, mahali pazuri, penye kivuli.

Wilaya yetu ina shule nyingi za msingi, lakini inayotembelewa ni moja. Inaitwa Shule ya Mfano Kioo. Iko kando ya lami, ina madirisha ya vioo, ina choo chenye mlango, na maua yake humwagiliwa hata mvua ikiwa inanyesha, kwa sababu mtunza bustani hajapewa maelekezo mengine. Kioo haina upungufu wowote isipokuwa wanafunzi. Wanaokaa karibu na lami ni maofisa wa elimu, na maofisa wa elimu wa Tungoje, kwa jinsi wanavyoijua vizuri elimu ya Tungoje, huwapeleka watoto wao kusoma nchi jirani.

Upungufu huo haukutushinda. Sisi ni watu wa kuazimana. Mtu akiozesha hanunui masufuria, anapita kwa majirani. Kila sufuria ina alama ya mwenyewe, huyu kapaka rangi nyekundu pembeni, yule kachora msalaba kwenye kitako, na shughuli ikiisha kila sufuria inarudi kwao, au inarudi nyingine inayofanana nayo na watu hawagombani sana. Afisa Elimu wetu, Bwana Kasele, ndiye aliyeona mbali. Alisimama kwenye kikao akauliza: kama watu wanaweza kuazimana masufuria kwa ajili ya pilau, wanashindwaje kuazimana watoto kwa ajili ya maendeleo? Niliinua mkono hapo hapo.

Basi tangu siku hiyo, mgeni akitangazwa, lori la wilaya linapita vijijini kukusanya watoto na kuwapeleka Kioo. Kila shule ina uzi wake. Watoto wa Vumbini, kwa mfano, hushonewa uzi wa buluu ndani ya ukosi wa shati. Mgeni akishaondoka, walimu wanageuza kosi, mmoja baada ya mwingine, na kila mtoto anapanda lori la kwao. Wazazi hawakulalamika. Mtoto aliyeazimwa alikunywa soda.

*

Kalunde alikuwa wa uzi wa buluu. Alisoma darasa la tatu Vumbini, mtoto pekee wa Bi Nyamizi, mjane anayelima karanga nyuma ya shule hiyo. Siku Mheshimiwa Waziri alipokuja Kioo, Kalunde alikalishwa dawati la mbele kwa sababu ya meno yake, yaliyokuwa meupe na yote yapo.

Waziri aliwauliza watoto wanataka kuwa nani wakikua. Wakajibu kama walivyofundishwa: rubani, daktari, rubani, daktari. Waziri alikuwa ameanza kupiga miayo alipomfikia Kalunde.

"Na wewe binti yangu, ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?"

"Mgeni," Kalunde akasema.

"Mgeni?"

"Ndiyo. Mgeni anapewa kiti, anapewa maji ya chupa, halafu anaondoka."

Mkono wangu ulibaki hewani, sijui niuinue au niushushe. Bwana Kasele aligeuka rangi. Lakini Waziri alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na alipocheka yeye wakacheka wapambe, wakacheka walimu, akacheka hata dereva aliyekuwa nje na hakusikia kitu. Akamwekea Kalunde mkono kichwani.

"Huyu ana akili!" akasema. "Nikirudi, nataka nimkute mtoto huyu hapa hapa, kwenye dawati hili hili."

Makofi ya kusimama.

Kuna nchi ambazo maneno kama hayo ni maneno tu. Kwetu waziri hasemi, waziri anaagiza. Lori la Vumbini lilipowasha injini, Kalunde alikuwa juu tayari, ameshika chupa yenye soda nusu anayompelekea mama yake. Bwana Kasele akamteremsha kwa mikono yake mwenyewe, na wala hakumteremsha vibaya.

"Wewe unabaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mheshimiwa atakaporudi."

"Atarudi kesho?"

"Mawaziri hawaulizwi, mwanangu."

Kalunde akampa mwenzake ile chupa aipeleke kwa mama. Barabara ya Vumbini ni mashimo matupu, kwa hiyo ilifika chupa.

*

Agizo la waziri kwetu halifasiriwi, linatekelezwa. Kikao cha dharura kilikaa, kikala, kikaamua. Dawati lilimiminiwa saruji miguuni ili lisije likahama kidogo kidogo kama madawati yanavyofanya. Kalunde alipewa godoro kwenye stoo ya mipira, na mpishi wa shule akaambiwa ampikie. Na kwa kuwa dawati hilo lilikuwa darasa la tatu, ilibidi Kalunde naye awe darasa la tatu. Mwaka ulipogeuka, mwalimu mmoja kijana aliuliza kama mtoto anaweza kufanya mtihani apande darasa. Aliulizwa yeye na Waziri nani mkubwa. Yule kijana sasa anafundisha visiwani, na nchi yetu haina visiwa, kwa hiyo hatujui vizuri yuko wapi.

Wageni wengine waliendelea kuja, na kila mgeni alionyeshwa mtoto. Ilionekana si heshima akae kimya, akatungiwa maneno. Mgeni akisimama mbele yake, Kalunde alisimama wima, akatazama ukutani na kusema: "Naitwa Kalunde, mwanafunzi wa darasa la tatu, Shule ya Mfano Kioo. Nipo hapa hapa, kwenye dawati hili hili, nikimsubiri Mheshimiwa." Kisha anatabasamu na kukaa. Mwanzoni alikuwa anakosea, anaingiza mambo ya karanga na ya mama yake. Tulimrekebisha. Baadaye hata mgeni asipokuwepo, ukipita tu dirishani na kivuli chako kikamwangukia, alisimama akasema yote.

Nilipoona hivyo moyo uliniuma. Kisha ukaacha.

*

Bi Nyamizi alikuja ofisini kwa Bwana Kasele mara nyingi, na mara zote alikaa kwenye benchi la nje mpaka jua likamhamia. Siku aliyoingizwa ndani nilikuwepo, nimekwenda kuomba glavu za kulinda viganja.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Karibu. Shida?"

"Nimekuja kumchukua Kalunde."

"Kalunde yupi?"

"Mwanangu. Mlimwazima, hamjamrudisha."

Bwana Kasele aliegemea kiti, akaikutanisha mikono tumboni. Ni mtu mpole, hapigi kelele kamwe.

"Mama, wewe si mtu wa shughuli? Hujawahi kuazimisha sufuria?"

"Nimeazimisha."

"Ikichelewa kurudi, unakwenda kugombana?"

"Nakwenda kuichukua. Nikifika naigeuza, naona alama yangu, naibeba. Hakuna anayeniuliza."

"Sasa huoni? Sufuria unaibeba kwa sababu pilau imeisha. Hii shughuli yetu haijaisha. Waziri hajarudi."

"Atarudi lini?"

"Hilo ni swali zuri," Bwana Kasele akasema, akalinyamazia.

Bi Nyamizi hakutoka. Alisema mtoto ana miaka inayokwenda. Alisema wenzake wa Vumbini wako darasa la tano, wengine wanamsaidia yeye mama kusoma vipande vya magazeti ya kufungia karanga, na mwanawe bado anaimba irabu. Alisema usiku akisikia mlango unagonga anaamka, anakuta ni upepo, analala tena. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei.

Bwana Kasele aliguswa. Alikuna kichwa, akapendekeza kwamba wilaya inaweza kumpa mtoto mwingine, kutoka shule yenye ziada, mtoto mwenye adabu na anayejua kuchota maji. Achague mwenyewe.

"Simtaki mwingine."

"Basi mama, nikwambie ukweli kama mwanangu. Agizo la waziri haliondolewi na mimi. Wala na mkuu wa wilaya. Linaondolewa na waziri, kwa mdomo wake."

"Kwa mdomo wake," Bi Nyamizi akasema, kama mtu anayejifunza njia ya kwenda mahali. Akafunga kanga yake vizuri, akaaga.

*

Kabla Waziri hajarudi, alihamishwa. Alipelekwa Wizara ya Uvuvi, nasi hatuna ziwa, lakini wizara inajiandaa. Wapo waliodhani sasa Kalunde atakwenda kwao. Hao hawajui utawala. Waziri alikuwa ameondoka, wizara ilikuwepo.

Waziri mpya alikuwa mtu wa kuvunja desturi. Alitangaza redioni kwamba amechoka kuonyeshwa shule za mfano, anataka kwenda pembezoni kabisa, aone hali halisi kwa macho yake. Akataja jina: Vumbini. Bwana Kasele alimwagikiwa chai.

Ilibidi hali halisi iandaliwe haraka. Shule ya Vumbini ilipakwa chokaa upande unaoangalia barabara. Vioo viling'olewa Kioo vikapelekwa Vumbini, madawati yakapelekwa, choo kikapelekewa mlango. Yakabaki maua, nayo yakang'olewa yakachomekwa. Tatizo likawa watoto. Vumbini ilikuwa imeazimisha watoto mara nyingi, na wengine, kama masufuria, walikuwa wamepakiwa malori yasiyo ya kwao, wala hakuna aliyekuwa na uhakika wako wapi. Bwana Kasele akaamua kwamba Kioo iiazimishe Vumbini watoto wake. Na kwa kuwa Kioo ilikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kudumu, wa kwanza kupandishwa lori alikuwa Kalunde. Dawati lake lilikatwa saruji kwa patasi, likapakiwa naye, kwa sababu agizo lilisema dawati hili hili.

Hivyo ndivyo Kalunde alivyoazimwa kwenda kwao.

Bi Nyamizi alikuwa miongoni mwa akina mama waliopangwa kupika. Alipomwona mwanawe akishuka kwenye lori, aliweka chini mwiko. Hakupiga kelele. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko la mafiga, nami nilikuwa nimekaa pale pale nikipumzisha viganja.

"Umekuwa mrefu," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Wanakupa kula?"

"Wananipa. Wali, siku za wageni."

Bi Nyamizi alipitisha kidole ndani ya ukosi wa shati la mtoto. Uzi wa buluu haukuwepo, shati lilikuwa jipya. Akaushusha ukosi, akaulaza vizuri.

"Nisikilize, Kalunde. Waziri akija atakuuliza. Mwambie hivi: mimi ni wa hapa. Mama yangu yule pale. Nataka kubaki. Basi. Yeye ndiye mwenye mdomo. Akisema ubaki, umebaki, hakuna wa kukushusha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Mimi ni wa hapa. Mama yangu yule pale. Nataka kubaki."

"Tena."

Akasema tena. Akasema vizuri, bila kukwama. Kisha akacheka na kuuliza kama bado kuna karanga za kukaanga, mama yake akamtilia kiganja tele mfukoni. Nikiwa mtu wa kazi yangu, niliwaza nitapiga makofi gani. Niliamua kwamba, ikiwa itawezekana, nitapiga ya kilo.

*

Waziri alifika mchana. Alifurahi kuona hali halisi ilivyo nzuri. Aligusa vioo, akafungua mlango wa choo na kuufunga, akanusa maua. Hatimaye akaingia darasani, na sisi sote nyuma yake, na akina mama wakachungulia madirishani. Bi Nyamizi alikuwa dirisha la kwanza. Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili.

Waziri akasimama mbele ya dawati la mbele, kivuli chake kikaliangukia.

"Binti, hujambo? Wewe ni wa wapi?"

Kalunde akasimama wima. Akamtazama mama yake dirishani, nasema kweli alimtazama, na midomo ya mama ilikuwa inayatengeneza yale maneno, polepole, ili ayasome. Kisha shingo ya mtoto ikageuka yenyewe kuelekea ukutani.

"Naitwa Kalunde, mwanafunzi wa darasa la tatu, Shule ya Mfano Kioo. Nipo hapa hapa, kwenye dawati hili hili, nikimsubiri Mheshimiwa."

Akatabasamu. Akakaa. Alipokwisha kukaa ndipo nilipoona uso wake unabadilika, kama mtu aliyemwaga maji ya kunywa. Akafungua mdomo tena, lakini mtoto hasemi mara mbili mbele ya waziri, mwalimu alikwishamwekea mkono begani.

"Kioo?" Waziri akauliza. "Si hapa ni Vumbini?"

Bwana Kasele akapiga magoti. Akaeleza kwamba mtoto ameazimwa, kwa nia njema.

Waziri akamsogelea Kalunde na kumshika shavu. "Nimezunguka nchi nzima," akasema, "na mkweli wa kwanza kukutana naye ni huyu mtoto. Hakuogopa! Amesema ukweli mbele ya waziri! Sasa na sisi tuwe wakweli kama yeye. Cha kuazima hurudishwa. Naagiza mtoto huyu arudishwe Kioo leo hii, na asiazimwe tena popote."

Niliinua mkono. Yalikuwa makofi ya kusimama, hakuna namna.

*

Jioni Kalunde alikuwa juu ya lori, ameketi kwenye dawati lake, analia bila sauti na kutafuna karanga. Bi Nyamizi akaja akasimama mbele ya Bwana Kasele. Nilifikiri atamtukana, na nadhani hata yeye Bwana Kasele alifikiri hivyo, maana alijiweka sawa atukanwe.

"Niazimeni na mimi," Bi Nyamizi akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Shule ina watoto wa kuazima. Haina wazazi? Siku ya wageni hamhitaji wazazi?"

Bwana Kasele akamwangalia, na nikaona fikra inamjia usoni kama mtu anayekumbuka alikoweka funguo. Ni kweli, wageni walikuwa wakiuliza. Wanaona watoto, wanaona maua, wanauliza wazazi wako wapi. Hapo hapo akaanzisha Kitengo cha Wazazi. Bi Nyamizi akaruhusiwa kupanda. Karanga zake zilikuwa hazijang'olewa shambani, akaziacha. Akina mama wenzake walisimama kando ya barabara wakilipungia lori, na wiki hiyo hiyo wengine wakaja kuuliza kama kuna nafasi.

Pale Kioo kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo. Bi Nyamizi alipofika kuandikishwa, Kalunde alikwishapangiwa mzazi, mke wa mhasibu, mama mwenye miwani anayependeza kwenye picha na anayeijua shukrani kwa mgeni mwanzo hadi mwisho. Haikuwa busara kumwondoa. Bi Nyamizi akapangiwa mtoto mwingine, Mbuke, binti mtulivu kutoka shule ya ng'ambo ya mto. Akaelezwa masharti kwa upole: mzazi atakayekosea mbele ya mgeni anarudishwa alikotoka. Akasema ameelewa. Siku zisizo na wageni anafagia darasa la tatu, na Bwana Kasele, kwa huruma yake, hamkatazi kufagia taratibu.

Mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka ng'ambo, mtu mwenye moyo mzuri, aliyejifunza lugha yetu kwenye ndege. Akapita mbele ya wazazi akiwasalimia mmoja mmoja, akafika kwa Bi Nyamizi.

"Mama, mtoto wako ni nani?"

Kalunde alikuwa dawati la mbele, mkono wa mama yake ungeweza kumfikia. Alikuwa ameinamisha uso. Bi Nyamizi alinyoosha mkono, mkono ukaanza kwenda alikotaka uende, nikauona. Kisha akaupeleka pembeni, ukampita Kalunde kichwani, ukamwonyesha Mbuke.

"Yule," akasema.

Mgeni akamtazama Mbuke, akamtazama Bi Nyamizi, akatikisa kichwa kwa furaha. Akasema kweli damu ni nzito kuliko maji, maana wamefanana hadi masikio.